Diski Namba Nne ya Doto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Natangulia kusema ili msijichoshe kumtafuta mwingine, maana barua zenu za wiki hii zimemtaja Ludovick, zimemtaja Mkurugenzi, na msomaji mmoja wa Kilosa amemtaja hata mlinzi wa getini. Mlinzi hana kosa. Kidole kilikuwa changu.

Tulipoachana wiki iliyopita, kidole hicho kilikuwa kinaning'inia juu ya kitufe, nafasi iliyobaki haipitishi hata punje ya mtama. Ningebonyeza, diski namba nne ingefutika yote, ikabaki kama ubao wa shule siku ya kufunga muhula. Ndipo mkono wa mtu ukanidaka kifundo.

Kwa anayeanza kunisoma leo: mimi ni Yoramu, fundi. Mwaka tisini na nne nilipunguzwa kazi shirika letu lilipouzwa, nikachomelea majiko Kizota, mshirika wangu akaniliza, nikabeba maboksi ya kompyuta za watu mpaka nikajua kilichomo ndani. Mwaka 2001 nikapata mkataba wa kutunza seva mbili za Shirika la Akiba Nyanda za Kati, wagawaji wa chakula cha msaada, ofisi ile ya ghorofa moja upande wa Kikuyu.

Seva tuliziita Kulwa na Doto. Zilisimama bega kwa bega, zikitumia kabati moja lenye diski nne. Kulwa akianguka, Doto anaendelea na diski zilezile, na huko nje hakuna anayejua kama kuna aliyeanguka. Kitabu kilieleza hivyo. Kitabu hakikueleza habari za kuku.

Ndiyo, kuku. Nyuma ya Doto, pale feni inapotemea joto, Mkurugenzi wetu alikuwa ameweka vifaranga mia mbili. Miaka ile kila mkubwa alikuwa na mradi, na wa kwake ulihitaji joto la bure. Chumba kile kilinuka vibaya, hewa yake ukiivuta unajisikia umekula kitu. Manyoya yaliingia kwenye feni. Kila Jumatatu nilifungua mfuniko nikitoa uchafu ambao sitauandika hapa, kuna watu wanasoma gazeti wakinywa chai.

Sasa turudi kwenye mkono.

"Namba hiyo umeitoa wapi?" aliuliza aliyenishika.

Alikuwa Dorothea wa masijala, mwanamke mwembamba wa Mvumi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amefuata jalada lake. Dorothea hakuwahi kuacha jalada lilale nje ya masijala.

"Dada Doro, niachie mkono. Mke wangu akisikia tumeshikana humu ndani, atanilaza na hawa vifaranga."

"Namba, kaka Yoramu."

"Kwenye dokezo. Hili hapa mbele yako. Diski Na. 4 ni tupu, ifutwe kupitia Doto na iandaliwe kwa kazi nyingine. Imesainiwa na Mkurugenzi. Unataka nini tena, mhuri wa kanisa?"

Hakucheka. Alivuta jalada, akaenda kwenye kabati la diski, akainama. Kila diski ilikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi ya ugali, kazi yangu mwenyewe: 2, 3, 4, 5.

"Hizi namba uliziweka wewe?"

"Mimi."

"Ulizisoma wapi?"

"Kwenye Kulwa. Siku tulipofunga kabati."

"Na sasa hivi umekaa kwenye nani?"

"Doto. Kulwa tumemsimamisha mchana huu, anasubiri kusafishwa. Dada, nne ni nne. Nne ya Kikuyu na nne ya Mvumi ni moja."

Nilisema hivyo kwa kujiamini, msomaji.

"Masijala kwangu," alisema Dorothea, "jalada la tano kutoka mlangoni ni la likizo. Ukiingilia mlango wa nyuma, la tano ni la magari. Kuna karani mmoja wa zamani alikuwa anahesabu hivyo. Alichoma moto majalada ya watumishi waliokuwa kazini, akidhani ni ya waliostaafu. Tangu siku hiyo sihesabu nafasi. Nasoma namba ya usajili iliyo juu ya jalada lenyewe. Hizi diski zako hazina namba ya usajili?"

Nilifungua mdomo nimtanie. Nikakumbuka.

Zinayo. Kila diski, siku ya kwanza inapoandaliwa, huandikiwa ndani yake kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu kumi na sita. Ukiihamisha, ukiichomeka kwingine, kitambulisho hakibadiliki. Ile namba fupi ni ya seva tu, inavyojihesabia yenyewe siku inapoamka. Nililijua hilo. Nilifundishwa. Nililisahau kwa sababu karatasi ilikuwa na sahihi.

Niliigusa kibodi ya Doto kwa upole, nikaifuta ile amri ya kufuta, herufi moja moja, kama mtu anayetoa mwiba. Mahali pake nikaandika herufi nne: l, s, p, v. Ni amri isiyodhuru mtu. Unaiuliza seva, nitajie diski unazoziona, inakujibu kwa orodha: namba yake fupi, kitambulisho kirefu, na mwisho jina la kundi la kazi ambalo diski hiyo imo.

Doto alijibu mistari mitano. Sifuri ilikuwa diski yake mwenyewe ya tumboni. Moja, mbili, tatu na nne zilikuwa za kabatini. Mstari wa namba nne, wa mwisho, kitambulisho kiliishia na 7b93. Upande wa kundi hapakuwa na jina.

"Umeona?" nilisema, roho ikianza kunirudi. "Haina kundi. Ni tupu."

"Muulize na mwenzake."

Nilihamia kwa Kulwa. Kazi zake zilikuwa zimesimamishwa lakini mwenyewe alikuwa macho. Herufi zilezile nne.

Kulwa alijibu mistari sita. Alikuwa na diski mbili tumboni, sifuri na moja. Kwa hiyo za kabatini kwake zilianzia mbili. Dorothea alisogeza miwani, akasoma kwa kidole, taratibu, kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Nne ya huyu inaishia 1e06. Haina kundi." Akashuka mstari. "Tano ya huyu inaishia 7b93. Kundi lake limeandikwa kaya."

Nilisikia jasho likishuka mgongoni na kwenda mpaka linakokwenda.

Kaya. Orodha ya kaya. Kaya elfu kumi na nne na ushee za vijiji vilivyokaukiwa, zilizohesabiwa nyumba kwa nyumba miezi mitano, ambazo malori ya mahindi yalikuwa yaondoke kuzipelekea Jumatatu kutoka maghala ya Kizota. Nne ya Doto ilikuwa tano ya Kulwa. Na Doto aliiona haina kundi kwa sababu tu hakuna aliyewahi kumtambulisha kundi lile. Yeye alikuwa anasema mimi silijui, na mimi nikasikia halipo.

"Nilikuwa nafuta chakula cha watu," nilisema.

"Ulikuwa unafuta shangazi yangu," alisema Dorothea. "Orodha ya zamani ilimwandika amekufa. Miaka miwili anaomba unga kwa majirani huku yuko hai. Safari hii nilimwona kwa macho yangu akiweka dole gumba."

"Tulia. Fomu za karatasi si zipo? Hata ningebonyeza, tungeingiza upya."

Dorothea alinyoosha kidole nyuma ya Doto.

Nilikwenda, nikachuchumaa kwenye ile harufu. Chini ya vifaranga kulikuwa na matandiko ya karatasi. Nilivuta moja kwa ncha za vidole. Ilikuwa imelowa, ina rangi ya kitu ambacho nilishasema sitakiandika. Katikati ya uchafu, duara la wino: dole gumba la mtu. Nikavuta nyingine. Dole gumba. Nyingine. Lilikuwa la mtoto au la bibi kizee aliyesinyaa, sijui, kifaranga alikuwa amesimama juu yake.

"Mkurugenzi aliniagiza fomu wiki jana," alisema Dorothea nyuma yangu. "Akasema zimeshaingia kwenye kompyuta, hazina kazi. Nilizisaini kutoka masijala kwa mkono wangu. Sikujua zinakuja huku. Nimejua leo, nilipoingia."

"Na kanda ya akiba? Ile ya kunakilia?"

Sikusubiri jibu. Niliiona. Ilikuwa imefumuliwa, utepe wake mweusi umefungia matundu ya boksi la vifaranga.

Nimelala sakafu za maduka ya watu, nimekula makombo ya harusi nisizoalikwa. Sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona mchana ule. Na kibaya zaidi, nusu yake ilikuwa kinyaa cha kujiona mimi mwenyewe.

Mlango ukasukumwa.

Aliingia Ludovick, mhandisi aliyeletwa kwa mkataba kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, simu imebandikwa kiunoni. Mkononi alikuwa na chipsi mayai kwenye karatasi. Alizitua juu ya kabati la diski, mafuta yakaanza kutafuta njia.

"Fundi, bado? Mzee anauliza. Kazi ya dakika moja umeifanya ibada."

"Injinia, karibu," nilisema. "Njoo unisaidie hesabu. Nne ya Doto ni ngapi kwa Kulwa?"

Aliacha kutafuna. Kwa kitambo kidogo tu, lakini mimi nimecheza karata na matapeli wa Kizota, kitambo kidogo kinanitosha.

"Nne ni nne," alisema.

"Na mimi nilisema hivyohivyo nusu saa iliyopita. Ila mimi nilikuwa mjinga. Wewe je?"

"Unanitukana? Mimi nimesomea hizi sistimu. Wewe umezisomea wapi, kwenye majiko?"

"Kwenye majiko, ndiyo. Jiko likiwa na moto unalijua kabla hujalikalia."

"Basi kama kuna makosa, ni makosa ya kawaida," alisema Ludovick, akirudia chipsi. "Kuchanganya namba kunatokea. Ningekuja kurekebisha."

"Ungerekebisha kwa kutumia nini? Kanda imefunga boksi, fomu ni choo cha kuku."

Dorothea alikuwa akifunua jalada. Sasa alikohoa, kikohozi cha mtu wa ofisi anayeomba nafasi.

"Injinia, samahani. Folio ya kumi na saba, karatasi hii hapa, ni mwandiko wako?"

Ludovick hakutazama.

"Nasoma," alisema Dorothea. "Diski yenye kitambulisho kinachoishia 1e06 ni tupu, inaweza kufutwa. Diski inayoishia 7b93 isiguswe, ndiyo yenye orodha ya kaya. Tarehe sita. Halafu folio ya kumi na nane, tarehe nane, imepigwa chapa, vitambulisho havimo tena. Kuna Diski Na. 4, kupitia Doto. Hukuchanganya, baba. Ulijua vizuri kabisa. Ulijua ukaandika, halafu ukajua ukafuta."

Ludovick aliyatazama mafuta yake juu ya kabati.

"Niliandika ile ya kwanza," alisema polepole. "Mzee akaniita. Akaniambia haya madude marefu hayaeleweki, andika kifupi, na taja Doto. Nikamwambia mzee, kwa Doto namba zimesogea. Akaniambia, nimekuuliza?"

"Ukaandika."

"Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, dada. Ni yeye anayesaini wa pili."

"Kwa hiyo ukanipa mimi nibonyeze," nilisema. "Ili kesho ikiulizwa, fundi majiko kafuta chakula cha watu."

Hakukataa. Alichukua kipande cha chipsi, akakiona, akakirudisha. Angalau aibu alikuwa nayo.

Nje kulisikika viatu. Nilizifahamu zile hatua. Kila siku saa kumi jioni Mkurugenzi Batholomeo alikuja kulisha.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilirudi kwenye kibodi ya Doto, nikagusa herufi chache, nikasimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, Mkurugenzi," tulisema wote watatu.

"Marahaba, marahaba." Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti, amechokonoa meno kwa kibanio cha karatasi kutoka mezani kwake na bado alikuwa nacho mdomoni. Alibeba ndoo ndogo. Alipita kati yetu, akainama nyuma ya Doto, akawamwagia vifaranga unga wa mahindi uliosagwa nusu. "Wanangu hawa. Wamekua, eti?"

Kiroba alichochotea kilikuwa kimelala pale ukutani. Kilikuwa na maandishi makubwa ya buluu: MSAADA. SI WA KUUZWA.

Aliona ninakitazama.

"Siuzi, fundi," alisema akicheka. "Nalishia. Si kilichokatazwa ni kuuza?"

Hakuna aliyecheka naye. Hata Ludovick, ambaye kazi yake nusu ilikuwa kucheka naye.

"Haya," alisema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Ile kazi imekwisha?"

"Mkurugenzi, haijaisha," nilisema. "Diski ile ina orodha ya kaya. Tumehakikisha kwa seva zote mbili. Kitambulisho ni kimoja."

"Dokezo linasemaje?"

"Linasema ni tupu."

"Na limesainiwa na nani?"

"Na wewe, mzee."

"Basi ni tupu." Alitoa kibanio mdomoni, akakitazama ncha, akakirudisha. "Yoramu, mimi nilikuokota. Ulikuwa unanuka moshi. Hapa hatubishani na sahihi. Bonyeza."

"Sibonyezi."

"Ludovick."

Ludovick alitazama viatu vyake. "Mzee, mkono wangu una mafuta," alisema, na huo, msomaji, ndio ulikuwa ushujaa wake wote wa mwaka ule. Nilimpigia makofi moyoni.

"Wanaume wazima mnaogopa kitufe." Mkurugenzi alikivuta kiti, akakaa mbele ya Doto. "Ni hiki kikubwa? Amri imeshaandikwa?"

"Imeshaandikwa," nilisema. "Imebaki kubonyeza. Lakini mzee, nakuomba mbele ya mashahidi hawa. Ukibonyeza, kaya elfu kumi na nne hazina pengine zilipoandikwa. Fomu umewatandikia vifaranga. Jumatatu malori yataondoka bila kujua yanakwenda kwa nani."

"Yatajua. Kuna orodha ya zamani."

Dorothea alisogea hatua moja. "Orodha ya zamani ina wafu, Mkurugenzi. Na walio hai imewaacha."

"Kila orodha ina wafu, binti. Watu wanakufa."

Akabonyeza.

Alibonyeza bila kusita, kwa kidole kilekile kilichokuwa kinawagawia vifaranga unga, kikaacha alama nyeupe juu ya kitufe. Mistari ikaruka kwenye skrini. Dorothea aliweka mkono mdomoni. Ludovick alifumba macho. Mkurugenzi aliegemea kiti, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba.

"Ndiyo hiyo imefutika?" aliuliza. "Mbona upesi hivyo."

"Mkurugenzi," nilisema, "hujafuta kitu. Amri ya kufuta niliiondoa zamani. Hapo ulichofanya, umeziuliza diski zitaje majina yao. Zimetaja. Hesabu mwenyewe, mistari mitano, wa mwisho ni 7b93. Zipo zote."

Mkurugenzi aliinama, akahesabu mistari kwa kile kidole chenye unga.

"Ila sasa," niliendelea, maana nikianza siwezi kuacha, "tumekuona. Ulidhani unafuta, ukabonyeza."

Uso wake haukubadilika. Nilitegemea angalau aone aibu, nipate kitu cha kuwasimulia wajukuu. Alisimama taratibu, akarudisha kiti mahali pake, akachukua ndoo yake. Upole wake ulinichafua roho kuliko kama angenipiga.

"Umenichezea," alisema. "Vizuri. Kaa na diski yako. Ipambe, ioe. Mimi ndiye ninayesaini malori, na nitasaini kwa orodha ya zamani. Kompyuta haijawahi kuendesha lori."

Hapo nilijua ametushinda. Diski ilikuwa salama na haina maana. Unaweza kuokoa majina ya watu wote wa uwanda huu, mwenye kalamu akaamua kutoyasoma, na ukabaki na kabati lenye joto.

Dorothea alifungua jalada lingine alilokuwa amelibana kwapani muda wote, akalilaza juu ya Kulwa.

"Orodha ya zamani ninayo hapa, Mkurugenzi. Ndiyo uliyoniagiza niandalie hati za safari. Lori la kwanza limepangiwa kijiji cha Chilewandu. Kaya mia nne na kumi na mbili."

"Basi liende Chilewandu."

"Mimi nimezaliwa Mvumi. Nimetembea vijiji vyote vya upande ule kwa miguu, kwa misiba na kwa ngoma. Chilewandu sijawahi kuisikia, na kwenye orodha mpya haimo."

"Hujasikia mengi, binti."

"Dereva Joshua naye haijui. Nimemuuliza asubuhi. Anaendesha barabara zile tangu enzi za vijiji vya ujamaa."

"Dereva hajui, masijala haijui, fundi majiko hajui," alisema Mkurugenzi, na sasa sauti ilianza kupanda, mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Nyinyi nani kawaambia mnajua kila kitu? Kijiji kipo. Kiko nyuma ya kile kilima, upande wa mto. Nimefika mwenyewe. Nimekaribishwa, nimekula, nimelala pale siku mbili. Mwenyekiti wao ni rafiki yangu. Au mnataka kusema mimi mwongo mbele ya mashine?"

Ludovick alimtazama. Mimi nilimtazama. Watu wawili wa uhasibu waliokuwa wanapita koridoni walisimama mlangoni, mikono kwenye pua, wakamtazama. Alikuwa amenyanyua kidevu, kibanio kikichungulia kwenye kona ya mdomo, anasubiri atakayethubutu.

Dorothea alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Alitoa kalamu kwenye nywele, akaandika mstari kwenye hati. Kisha akaongea kwa heshima ileile aliyomwamkia nayo.

"Afadhali umesema, mzee, maana hati ya safari inataka jina la mwonyesha njia pale dereva asipojua kijiji, na nilikuwa sina wa kumwandika. Nimekuandika wewe. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, lori la kwanza, kiti cha mbele pamoja na Joshua, na halishushi gunia hata moja mpaka umfikishe kwa huyo rafiki yako."